Fundi Aliyeshusha Ringi

Timu ya Vifaru iliishi miezi saba. Nimewahi kuwa na ndala zilizodumu kuliko hapo, na zilinifikisha mbali zaidi. Lakini hadi leo ukikaa kwa kinyozi mtaani kwetu utawasikia watu wazima wakiisimulia kwa sauti ya huzuni: kwamba ilikuwa timu yetu ya kwanza ya kulipwa ya mpira wa kikapu, kwamba nyumbani ilikuwa haifungiki, na kwamba ingefika mbali kama si fundi mmoja asiyejua kupima. Fundi huyo ni baba yangu. Nimewasikiliza wakipiga domo kwa miaka sita. Niliahidi kutomwambia mtu mmoja tu, na huyo sijamwambia. Kuhusu nyinyi wengine sikuahidi chochote.

Baba ni fundi wa vyuma. Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba yetu, lina meza moja nzito, mashine ya kuchomelea, na ukuta mzima wa vipimo: rula za chuma, pembe mraba, pima maji tatu, tepu ndefu na tepu fupi. Mafundi wengine humaliza geti kwa jicho na nyundo. Baba hakuwahi kumaliza kitu kwa nyundo. Mteja akimwambia, "Mzee, hapo panatosha, wewe funga tu," Baba alikuwa anaiweka kazi chini na kumjibu, "Nenda kwa wanaofunga tu, wako wengi." Mteja anaondoka kanuna, wiki mbili baadaye anarudi na dirisha la fundi mwingine lisilofungika. Kwa ajili hiyo mtaa ulimbandika jina la Milimita, naye akajifanya hapendi.

Msinielewe vibaya, Baba si malaika. Ni mbishi, hununa siku tatu kwa jambo la dakika tatu, na sifa kwake hutoka kwa shida kama dawa ya meno iliyoisha. Mimi ni mpaka rangi. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo ameniambia "si mbaya" mara tatu. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukitia doa, nacho ni kipimo chake. Mtu asiye na elimu kubwa, asiye na shamba wala cheo, alitembea mtaani kichwa juu kwa sababu ya kipimo.

Sasa ingia Bosi Springi.

Springi alikuwa muuza magodoro, mwanaume mfupi mwenye suti za kung'aa na tabia ya kujitaja mwenyewe kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine anayemheshimu sana. "Springi hashindwi," alikuwa anasema. "Springi akitaka jambo, jambo linakuwa." Siku moja aliona mechi ya kikapu kwenye televisheni ya hotelini, na kufika kesho yake mchana alikuwa ameshaamua mji wetu unahitaji timu ya kulipwa. Mpira wenyewe alikuwa haujui. Nilimsikia kwa masikio yangu akimuuliza kocha golikipa atasimama wapi.

Na huyo kocha! Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari aliyevaa filimbi shingoni hata akienda benki. Wachezaji aliwaokota kwenye mpira wa miguu na mpira wa wavu, vijana warefu waliokuwa wamerusha mpira kwenye ringi za mashuleni, zile zilizopinda na kulala kama midomo ya walevi, kila moja na urefu wake. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa nyumba yetu. Alikuwa na miaka ishirini, anatumia mkono wa kushoto, miguu haishi. Mashabiki walikuja kumwita Korongo. Kabla ya hapo alikuwa ameacha chuo, ameacha kazi ya duka, ameacha kila kitu isipokuwa kuruka. Baba alimpenda kuliko sisi wote na hakujua namna ya kumwambia.

Springi alinunua ghala la pamba lililokufa. Baba akapewa kazi ya fremu, mbao za magoli na ringi, mimi nikapewa mistari ya uwanja. Ringi ya kikapu inakaa mita tatu na sentimita tano kutoka chini, dunia nzima, kwa tajiri na kwa maskini. Baba alizipima mara tatu asubuhi na mara moja tena mchana, akisema bati likipata joto hutanuka. Nilikuwa kwenye ngazi ya pili nimeshika ncha ya tepu. Zilikuwa sawasawa, pande zote mbili, hakuna hata upana wa uzi.

Siku tatu kabla ya ufunguzi, Springi akaja na wazo. Yeye mwenyewe atafungua uwanja kwa danki, yaani ataruka na kuushindilia mpira ndani ya ringi kwa mikono, mbele ya wageni na wapiga picha. Kwa kuwa hata akisimama juu ya meza asingefika, waliyapanga magodoro manne ya dukani kwake, arukie hapo. Alikimbia, akapaa, akapiga hewa, akaanguka kwa makalio. Alijaribu mara saba. Tulisimama pembeni na nyuso za watu walio msibani, maana mtu akicheka kazi imeota mbawa.

"Mzee," akamwambia Baba huku anahema, "hebu iteremshe kidogo. Sentimita kumi na tano hivi."

"Kipimo ni kipimo, bosi."

"Siku moja tu! Kesho yake unairudisha."

"Ongeza godoro la tano," nikasema mimi.

Alinitazama kama mtu niliyemtukana. "La tano? Watu si watacheka!"

Baba akaanza kukusanya zana zake. Hapo Springi, hana hili wala lile, akasema huku anajifuta vumbi, "Yule kijana wako naye, sijui. Kocha ana wasiwasi naye. Namba yake bado haijakaa vizuri."

Baba akaangalia juu kwenye ringi, akaniangalia mimi, halafu akaniambia nimpe keekee. Ubao wote ulikuwa umefungwa kwa nati nne kwenye fremu ya ukutani. Alitoboa matundu mapya manne chini ya yale ya zamani, akaushusha ubao pamoja na ringi yake, na upande wa pili vilevile ili jicho lisione tofauti. Ukiingia ghalani usingegundua kitu.

Siku ya ufunguzi Springi alidanki. Alining'inia kwenye ringi kama shati kwenye kamba, akashindwa kushuka, ikabidi wachezaji wawili wamshike miguu. Watu wakapiga makofi mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Kisha mechi ikaanza na mambo yakageuka. Wageni walikuwa timu ya siku nyingi, wenye mikono iliyozoea kipimo halisi, na kila walichorusha kilipita juu na kugonga ubao kwa kishindo. Walidhani ni taa zinazowachanganya macho. Vijana wetu, ambao mikono yao haikuzoea kitu chochote, walifunga watakavyo. Mdogo wangu alidanki mara sita. Mara ya sita ghala lote lilisimama, na Mama, ambaye alikuja akisema anapoteza mchana wake kutazama wanaume wazima wakigombea chungwa, alipoteza kiatu kwa kushangilia.

Kesho yake asubuhi tulikwenda na spana kurudisha ringi. Springi alikuwa ameshafika na magazeti kwapani.

"Unataka kuniulia timu, Mzee?"

"Tulikubaliana siku moja."

"Uliona jana? Umesoma hapa? Acha kwanza."

Baba angekataa. Namjua, alikuwa ameshapanda ngazi na spana iko kwenye nati. Lakini chini yetu mdogo wangu alikuwa ameingia kufanya mazoezi peke yake. Akainua uso, jasho linamtiririka, akauliza, "Baba, uliniona jana?" Tangu akiwa mtoto wa darasa la pili hakuwahi kumuuliza Baba swali la namna hiyo. Baba akaitoa spana kwenye nati. "Nilikuona," akasema. Kisha akashuka, akazirudisha spana kwenye mfuko, na kuniambia nizibe matundu ya juu kwa lipu na kuyapaka rangi nyeupe.

Hapo ndipo ninapomlaumu Baba, na namlaumu mpaka leo. Springi simlaumu, utamlaumuje kuku kwa kuchakura? Lakini Baba alijua. Na mimi niliyeyapaka matundu yale rangi, tena vizuri, nilijua.

Vifaru wakavimba kichwa. Nyumbani walicheza mechi nne na kushinda nne. Ugenini walicheza tano wakafungwa tano, na si kufungwa kwa kistaarabu, ni kutandikwa. Mipira yao ilikuwa inafia mbele ya ringi kana kwamba imechoka na safari. Kocha alikuwa na sababu mpya kila Jumatatu. Mara maji ya hoteli, mara sakafu ina utelezi, mara refa ni shemeji wa mtu. Mwishowe, baada ya kipigo cha tano, alikuja na ugunduzi wake mkubwa: wapinzani wetu wanapandisha ringi zao kwa siri ili kutuhujumu. Timu tano, miji mitano, wote wamekula njama dhidi ya mtu mwenye filimbi! Aliandika barua ya malalamiko kurasa tatu kwa uongozi wa ligi, akidai ringi zote zipimwe.

Na Springi akaisaini. Aliisaini mbele ya waandishi wa habari, kwa kalamu ya dhahabu, akajipiga kifua na kusema Springi hatakubali kuchezewa. Mtu yuleyule aliyeagiza ringi ishushwe ili arukie magodoro yake! Mtasema alikuwa anaigiza. Hapana, nilimwona machoni. Alikuwa amesahau. Miezi sita ya sifa ilitosha kumfanya aamini kwamba ushindi ule ulitoka kwenye akili yake.

Barua iliitikiwa upesi. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: mlalamikaji hupimwa kwanza. Hakuna aliyekuwa ameisoma.

Mkaguzi alikuja Jumanne saa nne asubuhi bila taarifa, mwanamke mtulivu mwenye viatu vya bapa na ufito mrefu wa kupimia uliochorwa alama. Waandishi walikuwepo tayari, wamekuja kuandika habari za hujuma. Baba na mimi tulikuwa tunatengeneza mabenchi. Nilimwona Baba akiutazama ule ufito unavyoingia mlangoni, na rangi ikamtoka.

Mkaguzi alipima upande mmoja. Akapima tena. Akaenda upande wa pili. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mita mbili na tisini."

Springi akakumbuka. Naapa nilimwona akikumbuka, mdomo wazi. Kufumba na kufumbua akawa amemshika Baba mkono na kumvutia kwenye chumba cha mipira, nami nikafuata kwa nyuma, na hakuwa na nafasi ya kunifukuza.

"Mzee, sema ulikosea kipimo."

"Sijawahi kukosea kipimo."

"Najua! Ndiyo maana wataamini ni bahati mbaya. Sikiliza. Ikijulikana ni makusudi, wachezaji wote watafungiwa, na kijana wako atakuwa wa kwanza. Ukisema umekosea, yeye hana hatia. Na mimi nampeleka kwenye majaribio ya ile timu kubwa. Nina simu ya kocha wao hapa, nampigia sasa hivi, mbele yako."

"Baba, usikubali," nikasema. "Baba, mwache huyu akafe na magodoro yake."

Nje tulikuwa tunamsikia mdogo wangu akibishana na waandishi, akisema huo ufito wa mkaguzi ndio mbovu, kwamba ringi hizi amezifunga baba yake na baba yake hakosei. Nadhani ni maneno hayo yaliyommaliza. Baba alivua kofia yake ya kazi, akatoka, akasimama mbele ya kamera na mikono pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Ni mimi niliyefunga," akasema. "Nilikosea kipimo."

Mkaguzi alimtazama. Alikuwa ameshapanda ngazi na kukwangua rangi yangu kwa ukucha, na ameyaona matundu manne ya juu, yamenyooka, yamezibwa kwa usafi. "Fundi," akamwambia polepole, "anayekosea hutoboa mara moja."

"Nilikosea mara mbili," Baba akajibu.

Waandishi wakaangua kicheko. Kesho yake kicheko hicho kilikuwa gazetini pamoja na picha yake.

Ligi ilifuta ushindi wote wa nyumbani. Springi aliivunja timu kwa tangazo la nusu ukurasa, akieleza jinsi moyo wake ulivyovunjwa na mafundi wasio waadilifu, na chini ya tangazo akaweka picha ya godoro jipya. Jina la Milimita likageuka kuwa matani. Watoto wakamwimbia njiani. Shule iliyokuwa imemwagiza madawati ikaagiza kwingine. Wateja wa miaka ishirini wakaanza kuja na tepu zao wenyewe, wakipima nyuma yake anapogeuka, naye akijifanya haoni.

Ahadi ya majaribio Springi aliitimiza, sitamnyima hilo. Alitaka tu tunyamaze. Mdogo wangu alikwenda wiki mbili. Mkono wake ulikuwa umejifunza kitu kimoja kwa miezi saba, maelfu ya mara kwa siku, na kitu hicho kilikuwa pungufu ya sentimita kumi na tano. Kila mpira ulikuwa unagonga ukingo wa mbele. Kocha wa kule alimwambia ana mwili wa mchezaji lakini mkono umeshaharibiwa, na yeye hana muda wa kumfundisha mtu upya.

Alirudi mchana, tukiwa mezani. Hakukaa.

"Sentimita kumi na tano, Baba," akasema. "Sikuombi fedha, sikuombi kitu. Nataka unieleze tu. Nilikutetea mbele ya watu wote wale, nikasema baba yangu hakosei. Mtu unakosea vipi sentimita kumi na tano?"

Mama akainamia sahani. Mimi nikafungua mdomo.

"Nilikosea, mwanangu," Baba akawahi. "Umri unakwenda. Macho yamepungua."

Macho! Mtu aliyekuwa anaona ufa kwenye weldi akiwa upande wa pili wa barabara! Nilimfuata karakana nikiwa nimewaka, nikamwambia nitamweleza kijana kila kitu, leo hii, ajue ni nani aliyemharibia. Baba alikuwa amekaa juu ya mzigo wa vyuma.

"Utamweleza nini?" akaniuliza. "Kwamba nilijua? Kwamba kila siku nilikaa pale nikimpigia makofi huku najua? Afadhali anione fundi mbovu. Fundi mbovu anasamehewa."

"Hajakusamehe."

"Atasamehe. Niahidi."

Nikaahidi, kwa hasira, na nimeijutia ahadi hiyo kila mwaka.

Mdogo wangu sasa ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha sabuni. Ana mke, na mwaka huu amejenga nyumba ya vyumba viwili na sebule. Hakutushirikisha katika ujenzi, akisema hataki kutusumbua. Alituita ilipokwisha. Tulifika Jumapili asubuhi, Mama akiwa na seti ya vikombe, na tukaukuta mlango wa mbele. Ulikuwa wa chuma, umetengenezwa na fundi wa ng'ambo ya mji. Juu ulikuwa na mwanya wa kidole. Chini ulikuwa unasaga saruji na ulishachimba upinde sakafuni. Bawaba ya kati haikuwa kwenye mstari na zile nyingine.

Baba alisimama mbele yake. Alipitisha kiganja kwenye fremu, kutoka juu hadi kitasani, taratibu.

"Nilitafuta mtu wa uhakika, Baba," mdogo wangu akasema, na hakusema kwa ubaya, ndicho kilichoniuma. "Maana ni mlango wa mbele. Usinielewe vibaya."

"Umefanya vizuri," Baba akasema. "Mlango wa mbele unataka mtu wa uhakika."

Tukaingia. Mdogo wangu akauinua mlango kwa bega, akausukuma mara mbili, ya tatu ukafunga. Akanigeukia akitabasamu, akaniuliza mimi mpaka rangi ninauonaje. Nilivuta pumzi nimwambie, nimwambie yote, pale pale. Baba akanishika kiwiko.

Nikasema ni mlango mzuri.